Bi Bado wa Mitungi ya Tope

Jina la Bado alipewa na dereva wa maabara yetu. Dereva ndiye anayetuletea tope kutoka mtoni, likiwa kwenye mikebe yenye vifuniko, na kila akileta la leo hutaka kujua la juzi limefikia wapi. Husimama mlangoni mwa chumba cha kupimia, maana ndani haingii mtu na viatu vya matope, akaita, "Mama, ya juzi tayari?" Kutoka ndani hujibiwa neno moja, bila hasira na bila haraka: "Bado." Siku moja aliuliza asubuhi, akauliza kabla ya chakula, akauliza baada ya chakula, na jibu likawa lilelile. Akanigeukia mimi mapokezini. "Huyu mama ukimuuliza kama amezaliwa, atakwambia bado."

Jina likaganda. Mwenyewe hakulikataa. Akinipigia simu ya ndani husema, "Bado hapa. Naomba mikebe mitupu."

Mimi kazi yangu ni kupokea sampuli na kuziandika zinapoingia. Bado ni wifi yangu, kwa kuwa mume wangu ni mdogo wake wa tumbo moja. Kwa hiyo nimemjua pande zote mbili, kazini na nyumbani, na naweza kusema kwamba ni mtu yuleyule. Jikoni kwangu akifunua chungu, hakionji kwanza. Hukitazama, hukisikiliza, kisha hurudisha kifuniko. Hata mume wake, ambaye ni fundi cherehani na mcheshi kupita kiasi, anasimulia kwamba alipomposa alijibiwa "bado" mpaka akashona suruali za mtaa mzima akingoja. "Nilidhani nimekataliwa," husema, "kumbe napimwa."

Chumba chake kiko mwisho wa ukumbi. Kuna meza ndefu ya zege iliyobandikwa vigae vyeupe, sinki mbili zenye kina, oveni ya kukaushia inayonguruma mchana kutwa, na karibu na ukuta wa ndani, mahali pasipofika jua, safu ya mitungi mirefu ya kioo. Mizani ina meza yake peke yake, ya jiwe, pembeni. Mlango ukibamizwa, tarakimu za mizani hucheza. Ndiyo maana Bado amefunga mlangoni kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ili ujirudishe taratibu. Mgeni akitaka kuegemea meza ile ya jiwe huambiwa, "Hapo pamekaliwa," naye hugeuka kutafuta aliyekaa.

Mtu asiyejua hudhani tope ni tope. Bado husema tope ni kama ukoo uliokuja harusini: kwa mbali ni umati tu, lakini ukikaa nao unaanza kujua nani ni wa upande upi. Kazi yake ni kuutenganisha ukoo huo. Kwanza huondoa majani, mizizi na konokono. Kisha hutia dawa inayokula mabaki ya mimea, ikatoa povu mpaka ikachoka. Halafu hutia dawa ya pili, ya kutenganisha, ambayo kazi yake ni kuyafungua madonge ili kila chembe isimame peke yake. Hapo ndipo hupitisha tope kwenye chekeche. Mchanga hubaki juu ya wavu. Kilichopita huingia kwenye mtungi wa kioo uliojaa maji, hukorogwa kwa fimbo yenye sahani ya matundu, kisha huachwa.

Kuachwa huko ndiko kazi yenyewe. Chembe nzito hutangulia kuzama. Zinazofuata sisi huziita unga, kwa sababu ukizisugua vidoleni zinafanana na unga uliosagwa laini. Za mwisho ni za mfinyanzi, ule udongo unaoteleza kama sabuni, ambao huweza kuelea hadi kesho yake. Saa yake ikifika, Bado huteremsha pipeti, kijibomba cha kioo, hadi kina alichokipima, akavuta maji kidogo, akayakausha, akapima kilichobaki. Kwa hicho kinachobaki anajua mfinyanzi ni kiasi gani. Pumzi hushusha polepole wakati wa kuvuta, maana ukishtuka unaukoroga mtungi, na ukiukoroga unaanza upya.

Neno linaloheshimiwa kuliko yote chumbani humo ni "kavu". Kwetu sisi nguo ikianikwa na kuacha kudondosha maji ni kavu. Kwa Bado, kitu hakijakauka kwa sababu kinaonekana kimekauka. Hukitoa oveni, hukiacha kipoe, hukipima, hukirudisha, hukipima tena. Uzito ukipungua hata kidogo, bado. Uzito ukikataa kubadilika, hapo ndipo hutamka, "Kavu," kwa sauti ya hakimu.

Mume wangu anasema dereva hakumpa dada yake jina, alilikuta tu. Baba yao alikuwa mfyatua matofali ukingoni mwa mto, na watoto walikulia kati ya safu za matofali mabichi. Tofali lina ujanja. Juu hukauka mapema likapauka likakudanganya, kumbe tumboni bado lina maji, na likiingia tanuruni hivyo hupasuka na kuvunja majirani zake. Mume wangu alikuwa akiyagonga kwa kidole na kutangaza, "Kavu." Dada yake alikuwa akiligeuza lilelile, akaweka kiganja upande wa chini. "Bado." Ugomvi wao ulianzia hapo. Mdogo mtu alirithi kiwanja cha matofali, dada akaenda chuo cha ufundi wa maabara, na sijui kama kuna aliyeacha kazi ya baba.

Sasa nieleze lile lililofanya niyaandike haya.

Mwaka ule mdomo wa bomba kuu, unaovuta maji ya mji kutoka mtoni, ulianza kuziba kwa tope. Mafundi walikuwa wakilichota, na mvua moja baadaye limerudi. Waliotiliwa shaka walikuwa wawili. Juu kabisa ya mto kulikuwa na mlima unaochongwa kupitisha barabara. Chini yake, kabla ya kulifikia bomba, kulikuwa na viwanja vya wafyatua matofali, na kimojawapo ni cha mume wangu. Udongo wa mlima ule ni unga. Udongo wa mashimo ya matofali ni mfinyanzi. Idara ya maji ikatangaza kwamba tope lipimwe, na likionekana ni mfinyanzi, wafyatua matofali wote wataondolewa ukingoni. Kiwanja kile ndicho kilichotulisha, na hatukuwa na kingine.

Bado alikwenda kwa mkuu wa maabara kabla mkebe hata mmoja haujafika. Nilikuwa nimempelekea mkuu barua, kwa hiyo nilisikia.

"Mkuu, kiwanja kimoja ni cha mdogo wangu. Na mpokea sampuli ni mke wake, huyu hapa. Kazi hii mpe mtu mwingine."

"Nimpe nani? Mwenzako yuko masomoni." Mkuu ni mtu mpole anayevua miwani akitaka kufikiri. Akaivua. "Mikebe nitaipokea mwenyewe. Nitabandua lebo, nitaweka alama zangu. Utapima usichokijua, na huyu mama hatagusa kitu."

"Nikikosea watasema nimependelea."

"Ukipatia pia watasema. Kwa hiyo patia."

Jumapili yake alikuja kwetu kama kawaida. Mume wangu alikuwa amejiapiza kunyamaza.

"Dada, mimi sikuulizi kitu."

"Vizuri, mdogo wangu."

"Nakukaribisha chai tu."

"Nimekaribia."

"Sukari kama siku zote?"

"Kama siku zote."

Akakoroga chai ya dada yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. "Hilo tope likoje?"

"Limelowa," Bado akasema, akapokea kikombe.

Siku ya majibu nilimpelekea chai chumbani. Mitungi ilikuwa imepangwa, na nilichokiona kilinifanya nishike sinia kwa nguvu. Yote ilikuwa imetakata. Maji ya juu yalikuwa meupe kama ya mvua, tope limelala chini. Sikuhitaji kujua alama ipi ni ya wapi. Kama hakuna mtungi hata mmoja ulioelea mfinyanzi, basi wafyatua matofali hawana kosa, na sisi tumepona. Moyo wangu ulipiga vigelegele, mdomo nikaufunga.

Mkuu aliingia, akasoma vipimo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Unga mtupu. Basi ni mlima." Akachomoa kalamu mfukoni.

Bado alikuwa amesimama mbele ya mitungi, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

"Bado, mkuu."

"Bado nini tena? Umekausha, umepima."

"Yametakata upesi mno. Na tazama hapa, pana mstari."

Tukatazama. Kati ya maji meupe na tope palikuwa na ukingo uliokatika wazi, kama pindo la nguo. Bado akatueleza bila kupandisha sauti. Chembe zikiwa kila moja peke yake, hazizami kwa mstari, maana kila moja ina mwendo wake, na rangi ya maji hufifia kidogo kidogo kutoka chini kwenda juu. Ukiona mstari, ujue zimeshikana mikono na kushuka pamoja. Mfinyanzi ukishikana mikono huwa donge, na donge huzama kama unga.

"Kwa hiyo huenda mfinyanzi umo," mkuu akasema.

"Huenda umo. Umoja ni nguvu, hata kwa tope."

Akachukua chupa ya dawa ya kutenganisha, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa safi kama maji ya kunywa. Dawa ile ikikaa muda mrefu hupoteza nguvu, na haibadiliki rangi wala harufu. Bado alikuwa ameichanganya kabla ya likizo, akaenda kumwuguza mama mkwe wake, akarudi, akanyoosha mkono pale alipoiacha.

"Sheria ya kumwaga dawa iliyokaa niliiweka mimi," akasema. "Nikaivunja mimi." Alilisema kama mtu anayekutajia saa. Kisha akaimimina chupa yote kwenye sinki mbele yetu, akafungulia bomba.

Mkuu akamtazama, akatazama karatasi, akanitazama mimi kidogo, akarudisha kalamu mfukoni. "Mhandisi wa idara ya maji anakuja kesho kuchukua majibu."

"Nitamwambia mwenyewe asubiri."

"Tutamwambia wote. Rudia."

Mkuu alipotoka nilibaki. Nilijifanya nakusanya vikombe, na kikombe kilikuwa kimoja.

"Wifi," nikasema, "unajua dawa mpya inaweza kuleta nini."

"Najua."

"Kiwanja cha baba yenu."

"Najua, wifi yangu." Alikuwa akisugua mtungi kwa brashi ndefu, nao ulikuwa umeshatakata. "Lakini tofali bichi ukiliingiza tanuruni, halipasuki peke yake. Leo nikisema kavu na siyo kavu, kesho watazuia mlima usiokuwa na kosa, na tope litaendelea kuja, na watu wataendelea kulinywa. Na siku nitakayosema kweli, nani atajua kwamba ni kweli?"

Nilichukua kikombe changu kimoja nikatoka.

Bahati ni kwamba Bado hatumii tope lote. Nusu ya kila mkebe huiweka akiba. Akachanganya dawa mpya, akaanza tangu mwanzo. Safari hii aliongeza mtungi mmoja usiokuwa na alama ya mkuu.

Mitungi ilipofika saa yake, baadhi ilikuwa imetakata kweli, ikififia kidogo kidogo bila mstari. Mingine ilikuwa kama chai ya maziwa, kuanzia chini hadi shingoni. Mkuu akaleta alama zake. Iliyotakata mingi ilikuwa ya juu ya viwanja vya matofali. Iliyokuwa chai ya maziwa ilikuwa ya chini ya viwanja, na ya mdomoni mwa bomba.

Mhandisi alikuwa mwanamke kijana mwenye buti za mpira na maswali mengi. Bado alimweleza yote, pamoja na chupa iliyochacha.

"Sasa nitajuaje kwamba dawa ya leo ni nzima?" mhandisi akauliza.

Uso wa Bado ulichangamka kama wa mwalimu aliyeulizwa swali alilolisubiri mwaka mzima. Akamwonyesha ule mtungi wa ziada. Ndani yake alikuwa ametia mfinyanzi wa dukani, uliokwisha kupimwa na wengine, ambao kiasi chake kinajulikana. "Huyu ni shahidi. Yeye kiasi chake tunakijua. Kwa dawa ya leo amejibu sawasawa. Ile ya kwanza ingemfanya aseme uongo kama wenzake."

Mhandisi akainama akautazama mtungi kwa muda. Halafu akauliza kingine, na hilo ndilo lililotuokoa nusu. "Hii ya chini ya viwanja mbona si sawa yote? Huu umechafuka sana, huu karibu umetakata."

Mkuu akafuata alama kwenye ramani. Mbele ya viwanja vilivyouacha ukingo wa mto bila kuuchimba, tope lilikuwa unga tu. Mbele ya vile vilivyochimba mpaka majini ndipo mfinyanzi ulipojaa. Mhandisi alikwenda kujionea kwa macho yake. Amri iliyotoka haikuwa ya kuwaondoa wafyatua matofali. Waliochimba hadi majini wafukie mashimo yao, waache ukingo, wachimbe nyuma kabisa, kwenye mwinuko.

Mume wangu alikuwa mmoja wa waliochimba hadi majini. Hata yeye hakubisha hilo, kwa kuwa shimo halifichiki. Lakini kulifukia shimo la baba yake kwa mikono yake kulimuuma.

"Dada yangu amenifukia," alisema akinawa miguu.

"Aliyefukia ni wewe. Yeye amepima tu."

"Na wewe uko upande wake."

"Mimi niko upande wa anayepika leo, naye ni mimi."

Jumapili zikapita Bado akija na mdogo wake hayupo. Salamu mume wangu alizipitishia kwangu. "Mwambie wifi yako sijambo."

"Hajauliza."

"Akiuliza."

Kazini Bado hakutaja neno. Aliendelea na mikebe yake. Badiliko nililoliona ni dogo: kila alipochanganya dawa, alibandika chupani kitambaa chekundu chenye tarehe, na akienda likizo huimwaga kwanza, hata kama ameichanganya asubuhi ile ile.

Shida iliyowapatanisha ililetwa na mwinuko wenyewe. Udongo wa kule ulikuwa laini, unakanyagika vizuri, unafyatuka vizuri, lakini tofali likianikwa tu linapasuka. Mume wangu alijaribu kivuli, akajaribu majani juu yake, akajaribu kuomba ushauri kwa majirani waliokuwa na mipasuko ileile. Sikumwambia aende kwa dada yake. Baadhi ya mambo ukiyasema mapema unayaharibu.

Asubuhi moja niliinua macho mapokezini nikamwona amesimama mbele yangu, na mkebe wa rangi mkononi.

"Hapa ndipo mnapopokea udongo?"

"Ndipo. Wa wapi?"

"Unajua wa wapi."

"Lazima niulize, mzee. Ndiyo kazi."

Akataja. Nikaandika. Nikamwonyesha mlango wa mwisho wa ukumbi, nikamwambia avue viatu. Akavua, na soksi moja ilikuwa imetoboka, akajaribu kuificha kwa mguu wa pili. Mpira wa baiskeli ukaurudisha mlango taratibu, lakini haukufika mwisho, na mimi si kiziwi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu. Hapo usiegemee, pamekaliwa."

"Matofali yanapasuka."

Nikasikia mfuniko ukifunguliwa. "Umesugua vidoleni?"

"Nimesugua. Unateleza mno."

"Ndiyo, umejaa mfinyanzi. Mfinyanzi ukikauka hujikunja, na ukijikunja hupasuka. Unataka mchanga."

"Kiasi gani?"

"Nitapima."

"Usikaushe, nimeshauanika jana kutwa. Umekauka huo."

Nilinyanyuka, nikasogea hadi nikaweza kuona. Bado alikuwa ameshika donge la udongo. Aliligeuza. Upande wa chini palikuwa na doa jeusi la maji, pana kama kiganja. Akamwonyesha mdogo wake. Mume wangu alilitazama doa lile, na mabega yake yakaanza kutikisika, na kabla sijajua ni kilio au nini, nikasikia anacheka, kicheko cha puani alichokuwa nacho tangu nimjue.

"Kiti kile hakijakaliwa," dada yake akasema. "Kaa. Itachukua muda."

Akakaa karibu na oveni, soksi yake iliyotoboka imeelekea mlangoni, na Bado akaliingiza donge ndani. Sikujua walichozungumza baadaye, kwa sababu dereva alikuwa amefika na mikebe mipya na nilikuwa na kazi. Dereva akapita moja kwa moja hadi mlangoni kwa Bado, akasimama nje kama desturi yake, akaita, "Mama, ya juzi tayari?"

Aliyemjibu kutoka ndani alikuwa mume wangu.

"Bado."